Mikono Mitatu

Jumatatu, 4 Machi

Katibu kapiga simu asubuhi. Keshaamua! Mwisho wa mwezi anakuja na gari kutuchukua, baba yake na mimi, tukakae kwake. Chumba kiko tayari, hospitali kubwa iko jirani, kitanda keshaweka, kile cha kupandishwa na kushushwa. Binti yetu huyu tulimpa jina la Katibu tangu yuko darasa la kwanza, kwa tabia yake ya kupanga viatu vya wageni mlangoni. Hajabadilika. Nikamuuliza: na piano? Akasema, mama, kwangu ni ghorofa ya tatu na ngazi ni nyembamba, haipiti. Kuna shule imeomba ipewe.

Sikumbishia. Ana haki, na mimi sina tena kiuno cha kumnyanyua mtu mzima peke yangu.

Baadaye nikakaa nikaitazama. Maisha yote ya ndoa tumeipiga wawili, mume wangu na mimi. Mwalimu juu, mimi chini. Yaani yeye upande wa kulia, wa nota nyembamba, karibu na dirisha. Mimi kushoto, kwenye besi, karibu na mlango, niwahi chungu kikiungua. Bi Besi — ndivyo alivyokuwa akiniita. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, mkono wake wa kulia umelala pajani kama mgeni aliyechoka, na Bi Besi sijaisikia tena. Neno lililombakia ni moja: haya. Maji — haya. Maumivu — haya. Hapana nayo ni haya, ila inashuka. Nimekwisha kuzijua zote kwa sauti. Mazuri, masikio ya besi.

Ninachotaka ni kimoja. Tupige wimbo wetu wa Mama Mkubwa mara moja tena, mimi na yeye, kabla piano haijatoka mlango ule. Nimeandika hapa ili nisije nikajifanya sikutaka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua kabati la vioo. Wanaume wenzake walinunua viwanja, Mwalimu alinunua karatasi! Muziki wa okestra uliopangwa upya kwa piano — wa enzi zile ambazo mtu akitaka kusikia simfonia nyumbani, hakuna santuri wala redio, anakaa chini anaipiga mwenyewe. Chapa za zamani, wachapaji wake wamekufa, mitambo imekuwa vyuma chakavu. Vingine aliapa ni yeye peke yake anavyo katika nchi nzima, na hakuna aliyewahi kumbishia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Humu ndani kila kitabu kina jina la nyumbani. Kuna Mkwe, ambaye huchezi naye. Kuna Jirani, kelele mwanzo mpaka mwisho. Na Mama Mkubwa, jalada la kijani, mpole, mnene, anayekuja bila haraka na haondoki mapema. Aliyempanga kwa mikono minne hakuweka hata jina lake. Ukurasa wa kushoto ni wangu, wa kulia ni wa Mwalimu. Kila mtu na upande wake, kama kitandani.

Ukurasa wa tisa kuna ile alama yake ya penseli nyekundu, mahali mchapaji alipoikosea nota moja. Kosa hilo lilimnyima usingizi! Kila mgeni alionyeshwa, hata fundi bomba.

Mama Mkubwa mimi ndiye naanza. Nota zilezile chini kabisa, mara nne, polepole, peke yangu. Ndipo aingie yeye. Na alikuwa anachelewa kusudi. Anavuta pumzi puani, ananiacha nimening'inia, halafu ndiyo anaingia. Nimemgombeza kwa jambo hilo mpaka nimezeeka nalo.

Leo nimepiga zile nne. Nikangoja. Alikuwa amekaa kwenye sofa, macho kwenye mikono yangu, na mkono wake mzima umeshika mkono wa sofa kwa nguvu. Nikafunika piano.

Jumamosi, 9 Machi

Vumbi amekuja. Muuza vitabu vikuukuu, rafiki wa Mwalimu tangu zamani — jina lake la kuzaliwa sidhani kama yeye mwenyewe analikumbuka. Kaleta kitu amekiviringisha ndani ya shati kama mtoto mchanga. Kitabu cha vipande kwa mkono wa kushoto peke yake! Mwalimu alikitafuta tangu Katibu hajaota meno. Vumbi kakiokota kwenye sanduku la marehemu mmoja mpiga ogani, akaona ni kheri ya Mungu, kwamba kitabu cha kushoto kinakuja sasa.

Mwalimu kakipokea. Kwanza kakinusa. Halafu akaenda chini ya ukurasa wa kwanza kutafuta ile namba ndogo ambayo wachapaji wa kale waliigonga kwenye kila bamba la kuchapia. Kwake namba ile ndiyo cheti cha kuzaliwa. Akaiona. Haya! — iliyopanda mpaka dari. Sijamwona na uso ule tangu augue. Vumbi karibu alie.

Nikavuta benchi, nikakiweka kitabu kwenye piano, nikampisha. Akanitazama. Akakitazama kitabu. Akakifunga taratibu, akanyanyuka na mkongojo wake, hatua moja baada ya nyingine mpaka kabatini, akakipanga mahali pake. Haya. Ya kushuka.

Cha kutunza, si cha kupiga. Vumbi aliinamia kikombe chake cha chai mpaka kikaisha.

Jumapili, 10 Machi

Nimelijua! Hataki kupiga peke yake. Hata alipokuwa na mikono miwili hakupenda — mtu wa kunivuta kutoka jikoni nina unga mpaka viwikoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa hesabu ya kitoto: yeye ana mmoja, mimi nina miwili. Kuna vitabu vya mikono mitatu, vya mwalimu na mtoto anayeanza. Kwa nini asiwepo Mama Mkubwa wa mikono mitatu? Hayupo kwa sababu hakuna aliyemhitaji. Mimi namhitaji. Nitamwandika.

Jumanne, 12 Machi

Kuwaingiza wanne kwenye nyumba ya watu watatu! Lazima mmoja alale sakafuni. Nimeshinda mezani, penseli na kifutio, mgongo umekuwa ubao.

Nimempa besi. Mkono wa kushoto kazi yake ni besi, jambo hilo anajua hata mtoto wa kwaya. Mimi nimepanda juu, nikachukua zake. Nimezijaribu akiwa amelala mchana. Wimbo wake mikononi mwangu ni kama nimevaa koti lake, mabega yananipwaya. Na pedali haifikiki vizuri kutoka upande wa dirishani. Pedali ilikuwa kazi yangu siku zote. Nitajinyoosha tu.

Kesho nakala safi. Hiyo ni sheria ya Mwalimu isiyopinda: rasimu haipigwi. Ukipiga rasimu vidole vinajifunza makosa, na vidole havisahau. Wanafunzi wake walimwita Bwana Nakala Safi nyuma ya mgongo wake. Alijua, na alifurahi kisirisiri.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimvalisha shati jeupe. Mjinga mimi — kama arusi.

Nikamwambia tunapiga Mama Mkubwa. Haya! Akaja haraka kuliko mguu wake ulivyotaka. Nikamwonyesha kukaa kushoto, mahali pangu. Akasimama. Akalitazama benchi muda mrefu, akanitazama, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta fanicha za wengine. Nikampapasa bega, nikamwambia kaa tu, nimekupangia mwenyewe. Akakaa ukingoni. Mimi nikakaa kulia kwake.

Zile nne za kuanzia sasa zilikuwa zake. Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Safi kabisa, mkono haukutetemeka! Nikavuta pumzi niingie.

Akaondoa mkono. Haya. Imeshuka mpaka chini ya sakafu. Akanyanyuka, akayumba, nikamdaka. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Jumamosi, 16 Machi

Mtaalamu wa viungo kaja kwa mazoezi yake. Nikamweleza. Akauchunguza mkono wa kushoto, akasema huo una nguvu kuliko wake yeye, tatizo si mkono. Wanaume wa umri huu wanaona aibu, mama, usimlazimishe. Kijana mstaarabu.

Katibu naye kwenye simu: mama, unamtesa baba. Anajua alichokipoteza, kila ukimkalisha pale unamkumbusha. Acha vitu viondoke kwa amani.

Labda. Watu wawili wenye akili zao wamesema neno moja siku moja. Lakini ile besi aliyopiga — mtu anayeona aibu hapigi vile.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya.

Nimejaribu tena. Mara hii hata kukaa hakukaa. Alisimama nyuma ya benchi akanyoosha mkongojo, akaonyesha kule dirishani. Haya. Nikafungua dirisha. Akaonyesha tena. Nikalifunga. Akagonga sakafu, akagonga benchi, haya haya haya, jasho linamtoka. Na mimi nikapandwa na hasira. Nimekesha na karatasi zile, macho yameniuma, na mtu ananigongea mkongojo kama ng'ombe.

Nikamwambia, "Sema basi. Muziki ndio huutaki, au ni mimi hunitaki?"

Akaushusha mkongojo. Akasema haya, ndogo sana. Hiyo sikuijua. Zote nazijua, hiyo sikuijua.

Nimekwenda jikoni nikakata vitunguu vingi kuliko chakula chenyewe. Angalau nilie na kisingizio. Nampenda mtu huyu, na niko naye nyumba moja, na nimemkosa kama amesafiri.

Jumatano, 20 Machi

Niandike polepole, nisipoteze hata kipande.

Leo asubuhi alikuwa kwenye sofa. Sikuwa na hasira tena, nimechoka tu. Nikaenda nikakaa ubavuni mwake, upande ule ulio karibu na jikoni, nikamwegemea. Ni upande wake wa kulia. Nikalia palepale begani kwake. Hakutikisika. Nikasema moyoni, basi, hata kuniona nalia hanioni.

Halafu nikauona mkono wake wa kushoto unakuja. Unavuka tumbo, unatafuta. Ukafika kwenye mkono wake uliokufa, uliokuwa katikati yetu, ukaunyanyua, ukausogeza, ukauweka pajani. Ukataka kuendelea mpaka kwangu. Haufiki. Ukarudi.

Akashika mkongojo. Akanyanyuka — na mimi namuuliza choo? maji? — hajibu. Akaizunguka meza ile ndogo, yote, akijishika kwenye kiti, kwenye rafu, akija kwa kuburuta mguu. Akarudi kwenye sofa kwa upande wa pili. Akakaa kulia kwangu. Mkono wake wa kushoto ukawa ubavu kwa ubavu na wangu wa kulia, kiwiko kwa kiwiko. Akanisukuma kidogo kwa kiwiko kile, kama alivyokuwa akinisukuma nikichelewesha kufungua ukurasa. Haya.

Ee Mungu wangu.

Nilimkalisha kushoto! Nilimkalisha kushoto kwangu, mkono uliokufa ukawa ukuta katikati yetu. Nilikuwa nimekaa pale, nimemgusa, najiona niko naye — na yeye hanisikii. Alipiga nota mbili akiwa peke yake kwenye benchi la watu wawili. Na juzi hakuonyesha dirisha. Alionyesha mahali pake.

Kwenye upande wake wa zamani mkono mzima ndio unaonigusa. Ungekuwa umenigusa tangu siku ya kwanza. Sikufikiri. Mkono wa kushoto ni wa besi — eti anajua hata mtoto wa kwaya!

Nimemwambia nimeelewa. Nimemwomba radhi. Alinipangusa uso kwa kiganja, vibaya, kama anafuta ubao.

Ijumaa, 22 Machi

Kazi yote upya, kuanzia nota ya kwanza. Sijali! Mimi chini, yeye juu, kila mtu nyumbani kwake.

Mkono wa kushoto kupiga wimbo wa juu ni jambo la ajabu. Nimeujaribu kwenye mkono wangu mwenyewe. Wimbo unaangukia kwenye kidole gumba, na gumba ni nene, lina sauti ya mtu mzima. Mama Mkubwa kawa na sauti nyingine. Si ile ya kike ya zamani. Zile nota zake za katikati nimezibeba mimi kwa mkono wa kulia, nyingine nimeziacha njiani, zitanisamehe.

Na leo Mwalimu alikuwa mezani na mimi. Kakaa kulia. Nilikuwa naandika, yeye anasoma nyuma ya kalamu yangu kama alivyokuwa akisoma daftari za wanafunzi. Mara akachukua penseli nyekundu kwa kushoto, akapiga mstari juu ya nota yangu moja. Mstari umepinda kama njia ya kuku. Nikabisha! Nikaenda kuipiga kwenye piano, na kweli ilikuwa inagongana na ya kwake. Niliporudi alikuwa ametabasamu kwa nusu ya uso.

Tumekwaruzana mpaka chakula kikapoa. Sijapata kufurahi hivi tangu mwezi wa tisa.

Katibu kapiga. Nikamwambia mpaka tutakapoondoka tuna kazi, asitusumbue. Kacheka, halafu akauliza kama nalia. Nikamwambia ni mafua.

Jumamosi, 23 Machi

Rasimu imeisha! Jioni, mwanga bado mzuri, nikaiweka kwenye piano ili tu aitazame kwa jumla. Akaja mwenyewe, sikumwita. Akakaa upande wake. Mimi wangu. Viwiko vikakutana. Jinsi alivyokaa — mgongo wima, kidevu juu — ungesema hajawahi kuumwa.

Akaweka mkono kwenye nota zake. Haya?

Nikautazama ukurasa. Umejaa kufutafuta, mishale, mistari myekundu, nota nyingine hata mimi mwenyewe nilikuwa sizioni. Nikamshika mkono. "Rasimu haipigwi, Mwalimu. Sheria yako."

Akacheka. Cheko lile la mabega, bila sauti. Akauondoa mkono kwa heshima zote, kama mtuhumiwa aliyekubali hukumu. Lakini hakunyanyuka. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia, hatupigi, bega kwa bega.

Nakala safi naimaliza kesho. Kesho mchana tunapiga.

Jumapili, 24 Machi

Ameanguka. Nilikuwa ukurasa wa pili. Nilisikia mkongojo kwanza, halafu yeye.

Jirani yetu kaleta gari. Niko hospitali. Hafungui macho.

Jumanne, 26 Machi

Katibu alifika jana. Kapanga kila kitu: daktari, dawa, zamu za kukaa, hata nani wa kupigiwa simu. Halafu nikamkuta koridoni amesimama ameelekea ukutani na faili mkononi, hapangi kitu.

Daktari kazungumza naye, naye kaja kuniambia. Damu imevuja upande wa pili wa kichwa. Hawajui kama anasikia. Hawajui kama mkono wa kushoto bado upo. Kama ataamka, kasema, na hakumalizia.

Nilimwambia kesho. Alikuwa ameweka mkono tayari. Ningemwacha. Tungekosea, tungegonga gonga, vidole vingejifunza makosa — wacha vijifunze! Mtu wa karatasi kama yeye anaweka sheria, basi na mimi niishike kuliko mwenyewe. Natafuta wa kumlaumu na sipati. Najilaumu mimi, halafu nakumbuka cheko lake, nashindwa hata hilo.

Nakala safi nimekuja nayo. Naandikia mapajani. Nimebakiza kurasa mbili.

Jumatano, 27 Machi

Imeisha. Kurasa kumi na nne. Nimechora na alama yake ya ukurasa wa tisa, kwa nyekundu.

Nilitaka kumwonyesha. Ndipo nikaona nilipokaa. Kiti cha mgeni kimewekwa kulia kwake. Siku zote hizi nimekaa hapo namshika mkono uliokufa! Wa kushoto uko kule, umebanwa na ukuta.

Nikamwambia sista, naomba tugeuze kitanda. Akasema haiwezekani, bomba la hewa liko kwenye ukuta ule na halifiki kwingine. Nikamwambia basi kisogee tu, nipate pa kupita. Akasema mama, kiti hicho kinatosha, mgonjwa hajui uko upande gani. Kasema kwa upole. Nilishindwa kumweleza. Nilifungua mdomo nikawa kama Mwalimu, sina neno.

Katibu alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyesema muziki unamtesa. Akaja, akaweka mkoba wake sakafuni, akainama akafungua breki za kitanda kwa mkono wake. "Sista, mama yangu anakaa kushoto kwa baba. Ndivyo wanavyokaa." Akaegemeza kiuno akasukuma. Sista akatazama bomba, akatutazama, akaja akashika upande wa pili.

Nimeingia kwenye upenyo. Ukuta uko kwenye kiwiko changu kimoja, Mwalimu kwenye kingine. Nimegeukia miguuni kama anavyoelekea yeye. Mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia iko pamoja juu ya shuka. Nakala nimeitandaza magotini mwake, wazi, ukurasa wa kwanza.

Nimempigia zile za mwanzo juu ya kiganja. Moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Nimefika pale pake pa kuingia. Amevuta pumzi puani — mashine nayo inavuta, sijui ni nani kati yao. Katibu ananitazama. Nimemwambia asiseme kitu, baba yako huchelewa kusudi.

Mwandiko huu ni mbaya, naandika kwa kushoto. Wa kulia umeshikwa. Au ni mimi ndiye nimeshika, bado sijui —